Bomba Lililonichomoka

Tromboni nilifundishwa kanisani kwetu, Moshi, katika kwaya ya tarumbeta. Nilipoingia bendi ya dansi Dar es Salaam nikajifunza na la pili: kunywa kwanza, kupuliza baadaye. Niliamini kiroba cha pombe kali kinaongeza pumzi. Viroba vilipopigwa marufuku mwaka 2017, nikahamia kwenye chupa. Nikiulizwa, nilijibu kwamba wakongwe wa jazi wote walikuwa walevi.

Usiku mmoja harusini, katikati ya wimbo wa taratibu, bomba la kuteleza likanichomoka mkononi, likaserereka sakafuni hadi kwenye pindo la gauni la bi harusi. Watu walicheka. Nami nilicheka.

Aliyeliokota ni mzee mmoja, mpulizaji mstaafu wa bendi ya polisi. Hakunigombeza. Alikwenda nalo kwake, akalinyoosha kwa siku tatu, na senti yangu hakuitaka. Nilipolifuata akaweka santuri ya Duke Ellington. "Msikilize huyu, mwanangu."

Alikuwa Lawrence Brown, mpiga tromboni, mtoto wa mchungaji, aliyezaliwa Kansas, Marekani, mwaka 1907. Alijiunga na bendi ya Ellington 1932, akaondoka 1951, akarudi 1960 hadi 1970. Alipenda sauti ya selo, akaitafuta ndani ya tromboni. Mwenzake, Tricky Sam Nanton, aliziba mdomo wa tromboni kwa kile kikombe cha mpira cha kuzibulia sinki, ikanung'unika kama mtu. Brown alipuliza wazi, noti ikiingia ndani ya noti usione mshono.

"Huyo hakunywa wala hakuvuta," mzee akasema. "Wenziwe walimwita Shemasi." Sidhani kama walikuwa wakimsifu.

Nilitazama chini. Kisingizio changu cha miaka kilikuwa kimekufa palepale, sebuleni kwa mtu asiyenidai kitu.

Sikuacha siku hiyo. Nilianguka mara mbili, na mara ya pili nililala nje ya geti lake. Asubuhi alinipa chai, kisha tromboni: shika noti moja, usiiache itetemeke. Mikono ilinitetemeka wiki nzima, noti pia. Ndugu yangu unayepiga funda nyuma ya jukwaa, wiki hiyo ni ndefu, sikufichi.

Tangu hapo sijanywa. Bomba bado linakwaruza kidogo nikilisukuma mbali. Mzee anasema kuna fundi anayeweza kulimalizia, sijampelekea.