Miguu Ilivimba, Wakasema Ni Umri

Mimba iliyonipa mtoto niliibeba nikiwa na miaka 37. Kabla yake mbili ziliharibika zingali changa, na kabla ya hizo mbili ilikuwepo miaka ya kuulizwa kwenye kila harusi na kila hitima nangoja nini. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu Ngamiani, hapa Tanga. Maharusi niliowashonea shela walirudi kushona madera ya ujauzito, kisha wakarudi na watoto wanaotambaa chini ya meza yangu wakiokota vifungo. Habari za uzazi nilizisikia zote, kama asiyehiji anavyosikia habari za Makka kwa waliokwenda.

Siku ya kwanza kliniki, binti mmoja aliyekaa pembeni yangu kwenye benchi, tumbo limemtangulia, alinipa shikamoo kwa adabu kabisa akaniuliza nimemsindikiza binti yangu au mkwe. Nikamwambia nimejisindikiza mwenyewe. Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini tangu siku ile umri wangu ulikuwa ndio jibu la kila kitu. Kiungulia, umri. Mgongo, umri na kuinamia cherehani. Kukosa usingizi, umri. Wifi yangu, ambaye amezaa watano na hajawahi kulazwa hata kwa malaria, alikuwa ananihurumia kwa sauti: "Wifi, mimba ya utu uzima ndivyo ilivyo, vumilia tu."

Sina ugomvi na ukweli wenyewe. Madaktari wanasema mama ambaye hajawahi kuzaa, mwenye miaka zaidi ya 35, au ambaye mama yake au dada yake aliwahi kuugua, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha ya mimba, ile inayozaa kifafa cha mimba. Mimi nilikuwa na mawili kati ya hayo matatu. Sasa kwa akili ya kawaida, mtu wa namna hiyo si ndiye wa kupimwa zaidi ya wenzake? Kadi yangu ya kliniki ninayo mpaka leo. Vidonge vya kuongeza damu vimeandikwa, dawa ya kinga ya malaria imeandikwa, uzito umeandikwa. Safu ya presha, mahudhurio mawili yaliyofuatana, ni tupu. Mashine ya kile kituo ilikuwa imeisha betri, na hakuna aliyeona kuwa hilo ni jambo la kumzuia mama asirudi nyumbani. Tuliambiwa tutapimwa safari nyingine.

Ilikuwa wiki ya thelathini na moja miguu ilipoanza kuvimba. Hilo halikunishtua, nakaa kutwa nzima kwenye kiti nikikanyaga cherehani. Ikafuata mikono, pete ya ndoa nikaivua kwa sabuni. Ikafuata sura, asubuhi naamka macho yamebaki mistari miwili. Shangazi yangu wa Muheza akasema mimba ya mtoto wa kike ndiyo huharibu uso wa mama. Kichwa kikaanza kugonga, panadoli zikawa kama sijameza kitu. Siku moja alasiri natunga uzi kwenye sindano, nikaona vimulimuli vinaelea juu ya kitambaa. Nikapangusa miwani. Vikabaki palepale.

Aliyeniokoa hakuja kuniokoa, alikuja kufuata gauni lake. Ni mama mmoja mtu mzima, nesi mstaafu, mkali, mteja asiyekubali pindo lipinde hata kidogo. Aliniangalia usoni, hakuuliza gauni. Akainama, akanibonyeza ugoko kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki.

"Kichwa kinauma?"

"Kinauma, mama."

"Macho je?"

Nikamwambia habari ya vimulimuli.

"Funga duka, mwanangu."

"Mama, gauni lako limebaki vifungo tu."

"Nimesema funga duka."

Tukapanda bajaji. Njia nzima amenishika mkono wala haongei.

Hospitali mashine ilisoma 172 kwa 114. Yule aliyepima akapima mkono wa pili, akatoka bila kuniambia kitu, akarudi na daktari. Kwa mjamzito, kuanzia 140 kwa 90 tayari ni tatizo, na ikifika 160 kwa 110 ni dharura. Mkojo nao ukaonyesha protini. Daktari, kijana tu, alinieleza vizuri na sitamsahau kwa hilo. Alisema ugonjwa huu shina lake liko kwenye kondo la nyuma. Mishipa inayolipelekea damu haikufunguka inavyopaswa tangu mimba changa, na kondo likikosa damu ya kutosha humwaga vitu vinavyoharibu mishipa ya mama mwili mzima. Presha inapanda, figo zinavujisha protini, ini linaumia, ubongo unavimba, na ubongo ukizidiwa ndipo degedege linapokuja. "Dawa za presha zitakushikilia tu, mama," akaniambia. "Dawa yenyewe ni kondo kutoka."

Yaani kuzaa. Na mimba ilikuwa na wiki thelathini na mbili.

Kwanza nilichomwa magnesiamu. Ile ya mshipani inapoingia unahisi mtu amekumwagia maji ya moto kuanzia kooni kushuka. Ya makalio, huku na huku, nilishindwa kukalia kwa siku kadhaa. Baada ya hapo sista alikuwa anakuja na kinyundo kidogo, ananigonga chini ya goti kuona kama mguu unaruka, anahesabu pumzi zangu, anatazama mkojo kwenye mfuko, maana dawa hiyo ikizidi inalegeza misuli mpaka ya kupumua. Ni dawa ya zamani na si ya bei kubwa. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliofanywa katika nchi nyingi, ulionyesha kuwa inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa nusu. Nikapewa na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Walinishikilia mpaka zikafanya kazi, kisha wakanipasua.

Mtoto wa kike, kilo 1.35. Shangazi hakuacha kunikumbusha kuwa alisema.

Hapo ndipo nilipoingia wodi ya kangaruu, na huko niliwakuta wenzangu. Mabinti wa miaka 18 walikuwepo wengi, lakini kona ya dirishani walikaa wazee, ndivyo tulivyojiita: mimi, mwalimu wa Korogwe mwenye miaka 34, na mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto Pangani aliyekuwa na miaka 41 na mtoto wake wa kwanza kifuani. Wodi ile haina siri. Kutwa kucha mmekaa vifua wazi, mtoto amevaa nepi, kofia na soksi tu, amebandikwa ngozi kwa ngozi katikati ya matiti kama chura, amefungwa kwa kanga asiteleze. Ukishakaa hivyo na mtu usiku wa manane, utamweleza mpaka mahari yako.

Mama wa Pangani alikaa miaka kumi na tano kwenye ndoa bila mtoto, na bi mdogo kaletwa, kazaa, na watoto wa bi mdogo kawalea yeye. Mimba ilipoingia hakumwambia mtu mpaka ilipojisema yenyewe. Uchungu ulimshika kabla ya wakati, usiku, kijijini. Mwenyekiti wa kitongoji alipiga 115, ile namba isiyo na malipo ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wakamtafutia dereva wa hapo hapo, maana gari la wagonjwa lilikuwa mbali. Alitusimulia namna yule dereva alivyokuwa anaogopa kuliko yeye mzazi, kila akiguna gari linapunguza mwendo.

Mwalimu alikuwa analia. Hakuwa na la kulilia tuliloliona, lakini machozi yanamtoka tu, na mama mkwe wake ameshampa sababu: maziwa ya mwanamke aliyechelewa huwa yamezeeka. Nilimwona akikamua, matone tu ya dang'a chini ya kikombe, mikono inatetemeka. Sista akaja, akakaa naye kitandani, akamwonyesha kukamua kuanzia nyuma ya chuchu, na akamwambia matone hayo ndiyo anayohitaji mtoto wa siku mbili. Yakamiminwa kwenye bomba la sindano lisilo na kisukumio, yakashuka taratibu kwenye mpira uliopita puani hadi tumboni. Siku ya nne kikombe kilijaa. Machozi yalichukua muda zaidi, na ninachojua ni kwamba daktari wa afya ya akili aliitwa kumwona, na tangu hapo akaanza kulala.

Alikuwa na shida nyingine ya mwajiriwa. Likizo ya uzazi ni siku 84, na zilianza kuhesabiwa mtoto akiwa bado analishwa kwa mpira. Alikuwa anazipigia hesabu kwenye simu. Watu kama Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, yaani kabla ya wakati, na taasisi yake wameipigia kelele hoja hiyo kwa miaka, na mwanzoni mwa 2025 Bunge likapitisha mabadiliko ya sheria za kazi yanayomwongezea muda mama wa mtoto njiti. Nawapongeza. Sisi tusio na mwajiri likizo yetu ni kufunga fremu, na kodi ya fremu haina uzazi.

Hii kangaruu nilidhani ni njia ya maskini, ya kukosa mashine. Ni kweli ilianzia kwenye uhaba: Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto wengi kuliko vitanda vya joto. Lakini mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Watoto wadogo waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza watengemae kwenye mashine, walikufa pungufu kwa asilimia 25 kuliko waliongojeshwa. Kifua ni joto, ni maziwa karibu, na ni mlinzi asiyetoka zamu.

Huo ulinzi niliuelewa usiku mmoja nilipohisi kifua changu kimekuwa kimya. Kumbe watoto njiti husahau kupumua, ubongo haujakomaa kuwakumbusha. Nikafunua kanga, midomo imeanza kuwa ya samawati, sauti imenikauka. Mama wa Pangani, aliyetutangulia pale, akasema bila hata kuinuka, "Msugue unyayo." Nikasugua. Mtoto akajikunja, akavuta pumzi, akaanza kulalamika. "Basi huyo. Kamwambie sista, lakini usituamshie wodi."

Mume wangu alipokuja kutazama alipewa zamu yake. Alivua shati akafungiwa mtoto, jasho linamtoka, wazee wawili waliokuja kuona wagonjwa wakasimama mlangoni wakitikisa vichwa. Aliwasalimia shikamoo akabaki hivyo hivyo. Nyumbani vita vilikuwa na shangazi, aliyekuja na sufuria, taulo na majani yake kunikanda tumbo. Maji ya moto na mshono wa operesheni havipatani, nikakataa. Tulikubaliana anikande mgongo na miguu, na anipikie uji wa pilipili manga. Uji wake nasema kweli sijapata mfano.

Mwanangu ana miaka mitatu sasa, anaokota vifungo chini ya meza. Yule nesi mstaafu gauni lake nililimaliza, akalikuta na kosa kwenye pindo, nikalishona upya. Mama wa Pangani tunapigiana simu. Mimi presha haikurudi kule ilikokuwa, nameza kidonge kila asubuhi, na daktari ameniambia wanawake tuliopitia haya tuna hatari kubwa zaidi ya presha na maradhi ya moyo maisha yetu yote, kwa hiyo kupima hakuna kustaafu. Nikibeba mimba nyingine, nitapewa asprini ndogo ya kila siku kuanzia mwanzo mwanzo, miezi mitatu ikishatimia. Inapunguza uwezekano wa kurudiwa, lakini ni ya kuandikiwa, si ya kujinunulia dukani.

Wewe unayesoma, kama kwenu yupo mjamzito, mwenye miaka 17 au 42, na uso umemvimba, au kichwa kinamuuma hakisikii dawa, au anaona vimulimuli, au anaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, mpelekeni leo hii. Apimwe presha, apimwe mkojo. Mkiambiwa mashine ni mbovu, nendeni kituo kingine, msiondoke mpaka namba imeandikwa kwenye kadi. Mkikosa usafiri, pigeni 115.