Rangi Niliyoitoa Kwenye Kompyuta

Mimi ni mtoto wa Tanga, na chakula cha utotoni kilichonikaa zaidi moyoni ni mchuzi wa papa. Bibi yangu alimnunua papa mkavu, akamroweka kutwa ili chumvi imtoke, akamchambua, kisha akamtia tui zito la nazi na ndimu. Harufu ilivuka ua mpaka kwa jirani. Kwetu papa alikuwa kitoweo, basi. Wazee waliooga bahari ile tangu kuzaliwa hawakuwa na hadithi ya kutisha juu yake.

Mwaka 1993, nikiwa na miaka 11, niliingia na watoto wenzangu kwenye kibanda cha video nikatazama filamu ya Jaws. Kiingereza hatukukijua hata mmoja wetu. Nje ya kibanda walikuwa wamebandika bango lake: mwanamke anaogelea juu, na chini yake papa mkubwa kama nyumba anapanda amekenua meno. Karibu mwaka mzima baada ya hapo sikuthubutu kuingia majini kwenye ufukwe wetu wa Raskazone zaidi ya magoti. Bibi alishangaa sana. "Mjukuu wangu," aliniuliza, "huyu unayemla kila wiki ndiye unayemkimbia?"

Sikuwa na jibu. Nilikuja kulipata nikiwa mtu mzima, tena kwa njia iliyoniumiza.

Mwaka 2008 nilipata kazi Kariakoo, Dar es Salaam, ya kutengeneza makava ya filamu za Bongo. Ilikuwa miaka ya neema. Machinga walitembeza diski barabarani, kwenye vituo vya daladala na mabaa, na filamu moja ilikatwa sehemu ya 1 na ya 2 ili mnunuzi alipe mara mbili. Filamu nyingi za Kiswahili zilipewa majina ya Kiingereza, kwa sababu wasambazaji waliamini jina la Kiingereza linaonyesha hadhi. Wateja wengi hawakuhangaika nalo. Waliomba kwa sura ya mwigizaji: nipe ile mpya ya Kanumba. Kwa hiyo kava ndilo lililokuwa duka lenyewe. Mtu alikuwa na sekunde chache tu za kuliangalia, mwanga wa jua ukiwa umemwakia machoni, na sisi tulilipwa kuhakikisha sekunde hizo hazipotei.

Msambazaji niliyemfanyia kazi alikuwa mtu mwema kwangu, na sisemi haya kumsingizia. Agizo lake kwa kila picha ya mwanamke lilikuwa neno moja: "Mng'arishe." Nilikuwa namchukua dada mweusi wa kupendeza, namzungushia mstari usoni, shingoni na mikononi, napandisha mwanga, nafuta kila kivuli, mpaka anatoka na rangi ya chai ya maziwa. Nilifanya hivyo kwa mamia ya picha. Nilikuwa na kasi. Mara nyingi, kwa haraka, nilisahau vidole, vikabaki na weusi wao huku mkono wote umekuwa mweupe. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Siku moja nilimsindikiza mke wangu kwenda kusuka, Mwananyamala. Akaingia binti wa miaka 18 au 19, ameshika kava la filamu. Akalitandaza mbele ya mwenye saluni, akaweka kidole juu ya shavu la mwigizaji. "Dada, mimi nataka rangi hii." Kava lilikuwa langu. Mwigizaji yule namfahamu. Tulishakula naye chakula meza moja, na ni mweusi kama mimi. Rangi aliyoionyesha yule binti haikuwa ya mtu yeyote aliye hai. Niliitoa kwenye kompyuta, usiku, kabla ya kwenda kulala.

Ndipo nikautazama mkono wake. Alikuwa ameshaanza mkorogo. Uso ulikuwa umekwajuka na mikono imefuata, lakini maungio ya vidole yalibaki meusi, kama yanavyobaki kwa wengi wanaojichubua. Alikuwa amefanana na makava yangu mpaka kwenye makosa yangu.

Mwenye saluni alimwambia ana dawa kali kuliko hiyo. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilikuwepo tangu mwaka 2003, na vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni vilikuwa vimepigwa marufuku nchini. Lakini hakuna sheria iliyokuwa inanifikia mimi. Nilitoka nje nikasimama kwenye kibaraza mpaka mke wangu akamaliza.

Sikuacha kazi siku ile. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba niliacha. Nilikuwa na kodi ya kulipa na mtoto mchanga, nikaendelea kwa zaidi ya mwaka, ila kila nilipoanza kumfuta mtu kivuli nilimwona yule binti. Kilichonivusha ni masomo. Nilijiandikisha darasa la jioni la mawasiliano, na siku moja mwalimu akawasha projekta akatuonyesha bango lilelile la Jaws nililoliona Tanga.

Nilijifunza kwamba picha ile ilianza kama kava la kitabu. Riwaya ya Peter Benchley ilitoka mwaka 1974, na kwa toleo la karatasi laini kampuni ya Bantam ilimpa kazi mchoraji Roger Kastel. Alikwenda makumbusho ya historia ya viumbe, New York, kupiga picha za papa waliohifadhiwa pale, na kwa yule mwogeleaji akamwomba mwanamitindo aliyekuwa akimchora kwa kazi nyingine abaki kidogo. Kisha akafanya nilichokuwa nakifanya mimi kila siku: akaacha ukweli akafuata macho ya mnunuzi. Papa wake ni mkubwa kupita kiasi. Studio ya Universal ikaichukua picha hiyo kwa ajili ya filamu, ikatumia karibu dola 700,000 kwa matangazo ya televisheni, na tarehe 20 Juni 1975 ikaifungua kwa mpigo katika kumbi zaidi ya 400. Filamu yenyewe haimwonyeshi papa waziwazi mpaka inapita zaidi ya saa moja, kwa kuwa papa wa mashine aliwaharibikia mara kwa mara wakati wa kupiga picha. Bango ndilo lililomwonyesha tangu mlangoni.

Wamarekani wakaogopa bahari. Mashindano ya kuvua papa yakashika kasi, wavuvi wakipigwa picha kishujaa pembeni ya mizoga. Papa wana maadui wengine, kuanzia biashara ya mapezi, na si haki kuubebesha mzigo wote mchoro mmoja. Lakini Benchley mwenyewe hakujificha nyuma ya hoja hiyo. Alisema wazi kwamba, kwa aliyokuja kuyajua juu ya papa, asingeweza tena kuandika kitabu kile, na miaka yake ya mwisho, mpaka alipofariki mwaka 2006, aliitumia kuwatetea.

Nilibaki kwenye kiti changu darasani wenzangu walipotoka. Kava lilikuwa limesafiri kutoka New York mpaka ukutani Tanga, likamshinda bibi yangu na sufuria yake. Mtoto aliyemla papa kila wiki alimwamini mchoraji kuliko ulimi wake mwenyewe. Na yule binti wa Mwananyamala alikuwa na kioo nyumbani kwao, ana mama, ana shangazi, wote wana rangi yake. Akaniamini mimi.

Kesho yake nilimwambia msambazaji kwamba sitabadilisha tena rangi ya mtu. Nitarekebisha mwanga wa picha iliyopigwa vibaya, lakini ngozi naiacha kama ilivyo. Alinisikiliza kwa upole, akasema, "Mdogo wangu, utakufa njaa." Makava mawili ya kwanza aliyarudisha, akampa kijana mwingine ayang'arishe. La tatu alilipitisha kwa sababu muda wa kupeleka mtamboni ulikuwa umekwisha. Liliuzwa kama mengine. Hata hivyo kazi zilipungua, na kwa miezi kadhaa nyumba yetu iliendeshwa na biashara ya vitenge ya mke wangu. Siku hizi natengeneza zaidi makava ya vitabu, na kabla ya kuchora kava lolote nauliza kwanza nani atakayeliangalia, ana umri gani, na atakwenda nalo wapi.

Kava lile la tatu lilikuwa la yule mwigizaji niliyekula naye meza moja. Lilipotoka alinipigia simu. Alikuwa kwao kijijini, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kidogo. Miaka yote, alisema, mama yake alikuwa akipokea diski zake na kuziweka kabatini bila kusema neno. Safari hii alilitazama kava kwa muda mrefu, kisha akamuuliza, "Mwanangu, hawa leo wamekuweka wewe mwenyewe?"