KITABU KISICHO NA JALADA

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani na uchungu moyoni. Mwalimu wetu wa Sanaa alikuwa amenirudishia picha niliyoichora kwa majuma matatu. Ilikuwa picha ya ziwa lenye mabata maji meupe, na nyuma yake misonobari na mlima wenye theluji. Niliinakili kutoka kalenda. Mwalimu aliisifu mistari yake, kisha akaniuliza, "Hapa ni wapi?" Sikuwa na jibu. Akaniagiza nirudi na picha nyingine kwa ajili ya maonyesho ya shule, nayo iwe ya mahali ninapopajua.

Nilikaa nyumbani siku kumi bila ya kuchora hata mstari mmoja. Nalidhani kwetu hakuna kitu kifaacho kuchorwa. Kuna migomba, mbuzi wa jirani, na bomba la maji ambalo hutoa maji likipenda.

Siku ya kumi na moja mama alinituma nivute gunia la maharage kutoka chini ya kitanda. Nyuma ya gunia nikaona sanduku la bati, na ndani yake kitabu cha picha ambacho marehemu baba alikinunua mnadani kabla sijaanza shule. Jalada lake lilikwisha kung'oka zamani, hata jina lake silijui. Hadithi yake ni ile ya wanyama wachimbao kisima wakati wa ukame, Sungura akakataa kushika jembe. Nilipokuwa mdogo mama alinisomea kitabu hicho usiku baada ya usiku, nami nikiwa nimelala juu ya mkeka karibu na kibatari.

Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka sita, akaja kuketi kando yangu, nikaanza kumsomea. Sikufika ukurasa wa tatu akanizuia.

"Sivyo, kaka! Mama hasomi hivyo. Fisi ni mjomba wake Sungura, na ameficha kiazi mfukoni."

Nikatafuta katika maneno. Hapakuwa na mjomba wala kiazi. Nikaitazama picha. Kweli, Fisi amevaa koti kuukuu, na mfuko mmoja wa koti umetuna. Pembeni kabisa kuna Kima mdogo asiye na jembe, analia. Maneno ya kitabu hayamtaji hata mara moja, lakini mdogo wangu alilijua jina lake na sababu ya kilio chake.

Ndipo nikakumbuka ya kuwa mama hajui kusoma. Si kwamba nilikuwa sijui. Siku aliponileta hapa kuandikishwa Kidato cha Kwanza, alipotakiwa kutia sahihi alitia dole gumba. Wenzangu wapya walikuwa wakitazama, nami nikageuza uso dirishani kana kwamba sikuja naye. Jambo hilo sijapata kumwambia mtu mpaka leo. Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kulifikiri pamoja na kile kitabu.

Jioni nikamkuta akichambua mchele, nikamwuliza. Akacheka sana.

"Maneno sikuyajua, mwanangu. Baba yako alinisomea mara moja tu. Mengine niliyaona pichani. Nikiona hujapata usingizi, namrudisha Fisi."

Nikamletea picha yangu ya ziwa. Aliitazama kwa muda, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Ni nzuri. Lakini watu wake wamekwenda wapi?"

Usiku ule nilikisoma kitabu upya, mara hii bila ya maneno. Niliona kwamba mchoraji wake hakuacha kona bure. Kila mnyama ana kazi, au anaikwepa kazi. Ndiyo sababu mtu asiyejua herufi aliweza kupata humo hadithi mpya kila usiku, wala isiishe.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu habari hizi. Alitusimulia juu ya Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, wala hakupata kusomea uchoraji shuleni. Alifariki mwaka 1972, lakini wale aliowafundisha waliuendeleza mtindo wake. Katika mtindo huo John Kilaka, mchoraji wa Tanzania, ametunga vitabu vya picha vya watoto, na wanyama wake huvaa nguo na kufanya kazi kama watu. Vitabu vyake vimechapishwa hata Ulaya. Nami nilikuwa nikiitafuta Ulaya ndani ya kalenda!

Basi nilichora foleni ya lile bomba la kwetu. Nilitumia hadibodi ya kabati bovu na mabaki ya rangi ya mafuta ya milango. Twiga amejifunga kanga, Kobe amekalia ndoo yake, na Nyumbu ana madumu mawili naye anajifanya hakuona foleni ilipoanzia. Picha imetundikwa karibu na mlango wa bwalo. Kila mchana vijana wa Kidato cha Kwanza husimama mbele yake na kubishana. Wengine wasema Nyumbu ni kiranja wa bweni letu. Mimi sikusema ndiyo wala siyo.

Wenzangu, wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mkienda likizo, tazameni chini ya vitanda kabla vitabu vyenu vya utotoni havijafungiwa karanga.

Alama za picha yangu bado sijapewa. Ninachongojea zaidi ni siku ya wazazi, kwani mama ameahidi kuja. Nitamshika mkono mpaka mlangoni pa bwalo, wenzangu wote wakiwapo, nami nitamwomba atusomee.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne