Namba Moja, Nchi Mbili



Sisi watu wa Bulumbi tumezoea vitu viwili vyenye jina moja. Busia ni mji wa Uganda, na ng'ambo ya mpaka Busia ni mji wa Kenya. Namba za simu nazo ni vivyo hivyo. Mtu akiandika 07 na tarakimu nane nyingine, huwezi kujua kwa kutazama tu kama laini yake ni ya Uganda au ya Kenya, maana umbo hilo hutumika pande zote mbili.

Muhula huu nilipewa daftari la wanafunzi wa zamani nilipange kwa kompyuta, ili ujumbe wa kuomba msaada wa karo kwa wenzetu maskini uwafikie. Kazi hiyo niliifanya kwa lugha ya Python, yenye maktaba iitwayo re. Humo huandikwa ruwaza, yaani maelezo ya umbo la maneno yanayotafutwa. Yangu ilisema hivi: alama ya kujumlisha, kisha 25, kisha 4 au 6, kisha tarakimu 9. Mwenye 254 ni wa Kenya. Mwenye 256 ni wa Uganda.

Maktaba huitafsiri ruwaza mara moja tu, nayo huwa kama kalibu ya matofali: ukiisha kuichonga, wafyatulia matofali yote. Elimu hii si ngeni. Stephen Kleene wa Marekani aliiandikia misingi yake mwaka 1951, na mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha njia ya kugeuza ruwaza kuwa amri za mashine.

Tena kuna namna mbili za kulinganisha. "Match" hutaka umbo litimie kuanzia mwanzo, wala haijali kinachofuata. Namba yenye tarakimu iliyozidi mwishoni hupita. "Fullmatch" hutaka namba nzima ilingane. Mimi nilichagua hii ya pili.

Zikabaki zile za 07. Wenzangu wakasema, "Tuzitie zote 256, kwani shule iko Uganda." Nilikataa. Mzee aliyesoma hapa akahamia ng'ambo, tukimbandikia 256, ujumbe wake huenda ukamfikia mtu asiyetujua kabisa, naye mwenyewe adhani tumemsahau. Ruwaza huona umbo, haimjui mtu. Basi namba hizo tumeziweka katika orodha ya peke yake, nasi tunauliza kwa mdomo, kanisani, sokoni na kwa jamaa zao, mmoja mmoja.

Kwa hiyo nawasihi, kaka zetu: mkituandikia, ondoeni sufuri ya kwanza, na mahali pake mtie +254 au +256. Kazi hiyo ni ndogo sana, na huenda mtoto mmoja akabaki darasani kwa ajili yake.