Paka wa Üsküdar na Mbwa wa Kisiwa Kisicho Kheri

Avukaye kwa feri kutoka Eminönü kwenda Üsküdar, upande wa Asia wa jiji la Istanbul, hupokewa na wauza simit, mikate ya duara yenye ufuta, na paka. Paka wapo gatini, wapo juu ya viti vya mikahawa, wapo katika nyua za misikiti. Tulikuwa na siku mbili mjini humo, njiani kurejea kutoka Umra, na karibu kila pembe tuliona bakuli la maji lililowekwa na majirani. Chakula cha wanyama hao Waturuki hukiita mama, jambo lililowachekesha sana akina mama wa msafara wetu.

Katika kuta za Msikiti wa Yeni Valide, uliokamilika mwaka 1710, mafundi walichonga nyumba za ndege mithili ya kasri ndogo. Si mbali na hapo upo Msikiti wa Aziz Mahmud Hüdayi, ambao imamu wake, Mustafa Efe, alijulikana duniani kwa kuwaachia paka waingie msikitini wakati wa baridi. Hapo sisi Mashafii hatuna tatizo, kwani Hadithi ya Abu Qatada imekwisha tufundisha kuwa paka si najisi.

Mtihani ni mbwa.

Mwaka 1910 watawala wa mji huo waliwakusanya mbwa kwa makumi ya maelfu, wakawatupa katika kisiwa kikavu cha Sivriada, wakafa huko kwa njaa na kiu. Watu hukiita Hayırsızada, yaani kisiwa kisicho kheri. Na neno kheri limo humo ndani kama tulijuavyo sisi. Sheria ya mwaka 2004 ikaja na njia nyingine: mbwa akamatwe, ahasiwe, achanjwe, arudishwe mtaani kwake akiwa na kibandiko sikioni. Lakini Julai 30, 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya. Mbwa wote wa mitaani waondolewe, wawekwe katika makazi ya manispaa hadi wapate wa kuwachukua, na walio wakali au wagonjwa wasiotibika wauawe. Serikali ilikadiria mbwa hao kuwa milioni 4, na wazazi ambao watoto wao wameng'atwa wana haki ya kusikilizwa. Wapinzani wake wanahofu kwamba makazi yakijaa, neno "mkali" litapanuka.

Kijana mmoja wa Unguja asomaye huko alitupeleka kwa mama mtu mzima, ambaye yeye humwita teyze, yaani khalati. Khalati huyu na majirani zake wamegawana mbwa wa mtaa wao, kila mmoja akiwaandikisha kadhaa kwa jina lake ili wasichukuliwe. Fedha za chanjo huchangishana kila mwezi. Fundi magari ametoa uwanja wa nyuma ya gereji yake, nao humo hulala juu ya matairi na mablanketi ya zamani.

Mwenzetu mmoja aliuliza habari ya najisi, na swali lake lilikuwa la haki. Katika madhehebu yetu, chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mahanafi wa huko huona najisi katika mate, si katika mwili wake. Hata hivyo, hukumu ya kuosha chombo haikumpa mtu ruhusa ya kurusha jiwe. Aliyeshuka kisimani akajaza maji khofu yake kwa ajili ya mbwa mwenye kiu alisamehewa, na mbwa huyo hakuwa amefanywa tohara kwanza. Kwetu habari ya kichaa cha mbwa ikisikika, hukimbiliwa bunduki na sumu, ilhali wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizi hukatika.

Tulipoaga, khalati hakuomba fedha. Aliomba dua kwa ajili ya mbwa mzee aitwaye Karabaş, ambaye kesho yake angepelekwa kwa daktari wa wanyama kupasuliwa mguu. Aliyenyanyua mikono wa kwanza ni yule mwenzetu aliyeuliza swali, akiwa bado amesimama mbali, kanzu yake ameikusanya mkononi.