Sheria Kando ya Ziwa Tshangalele

Ziwa Tshangalele, huko Kongo, limetengenezwa na watu. Maji yake ni ya mto Lufira, yaliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha, ambako kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1930 ili viwanda vya shaba vya Likasi vipate nguvu. Ukiteremka Kapolowe unakuta maji mapana yasiyo na kina kirefu, mitumbwi iliyosukumwa kwenye matete, na akina mama wakipanga perege katika mabeseni.

Hapo nilimkuta kijana anayesoma sheria Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyekuja kwao likizo. "Jambo yenu, Papa," akanisalimu, pale ambapo kijana wa Dar es Salaam angesema shikamoo. Wavuvi tayari wanamwita Maître, jina la heshima la mawakili wa huku, ingawa hajahitimu. Tukala bukari, yaani ugali, kwa samaki, nami nikamdadisi kuhusu masomo yake.

Kwao profesa hufundisha mbele ya umati, na mwanafunzi hununua silabasi, kijitabu cha somo zima, akakihifadhi kichwani. Mitihani mingine ni ya mdomo. Unaingia peke yako, unakaa mbele ya profesa, unajibu kwa Kifaransa ukianzia kwenye namba ya kifungu. Siku ya kutetea tasnifu ndugu hujaa ukumbini na maua, na mhitimu humwagiwa poda kichwani mpaka suti inageuka nyeupe. Sisi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuliandika mitihani yetu kwa Kiingereza, kimya kimya, chini ya namba badala ya jina, na sifa ya mwanafunzi ilikuwa kujua kesi.

Hata hivyo vyuo hivi vina ujirani wa zamani. Mwaka 1961 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la chama cha TANU kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Lumumba mwenyewe, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Januari ya mwaka huohuo, karibu na Lubumbashi. Na ni mwaka huo Étienne Tshisekedi alipotunukiwa udaktari wa sheria katika Chuo Kikuu cha Lovanium, nchini Kongo, akihesabiwa Mkongo wa kwanza kuupata. Nchi mbili zilikuwa zinatafuta wanasheria wao kwa haraka ileile.

Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akitusikiliza huku akishona wavu, akauliza swali la maana kuliko yote. Maji machafu ya viwanda vya Shituru hupita kijito cha Panda hadi Lufira, na watafiti wamekuta metali za migodi ndani ya samaki wa ziwa hili. Samaki wakiharibika, nani analipa?

Kijana alijibu bila kusita: kifungu cha 258 cha sheria ya mikataba na madeni ya mwaka 1888. Anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, ailipe. Mzee akaelewa papo hapo. Mimi nilianza mbali, Lancashire huko Uingereza, kwenye shauri la Rylands na Fletcher lililoamuliwa mwaka 1868. Mwenye kinu alichimbisha bwawa, maji yakapenya mashimo ya zamani yakafurika mgodi wa jirani. Majaji wakasema anayeweka kwake kitu chenye hatari, kikitoroka, hubeba madhara yake hata kama hakuzembea. Mzee akacheka: hapa mgodi ndio unaomwaga ndani ya bwawa.

Nikadhani nimemzidi kijana, kwa kuwa 258 inadai kosa lithibitishwe, na mvuvi atalithibitishaje dhidi ya kiwanda? Lakini akaniongezea cha 260, kinachomfanya mtu awajibike pia kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Tulikuwa tumefika penye hoja moja, yeye kwa mstari mmoja, mimi kwa hadithi ndefu.

Naiheshimu njia yao kuliko nilivyotarajia. Mtu aliyezoea kujibu mbele ya profesa anaweza kusimama mbele ya kijiji na kutamka haki yake kwa maneno machache ya Kiswahili. Yetu humfundisha mtu kupima mambo: nini kilitoroka, kilitoka wapi, kikamuumiza nani. Mvuvi wa Kapolowe anazihitaji zote mbili. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mawakili wa Lubumbashi na wa Dar es Salaam sasa wana mahakama moja Arusha. Basi wanafunzi wao wasisubiri kukutana huko wakiwa wapinzani. Wabadilishane muhula mmoja, na swali la mzee huyu liwe mtihani wao wa kwanza.