Bibi harusi ana somo, mtoto wa kidato cha kwanza ana nani?



Sisi ni ndugu wawili tunaoshona duka moja, na mwezi wa Disemba kwetu hakuna kulala. Huku mabibi harusi wanataka mashela, huku wazazi wanaleta vitambaa vya sare kwa sababu skuli zinafunguliwa Januari. Msimu mmoja katika foleni hiyo alikuwemo binti yetu wenyewe, katoka darasa la sita anaingia kidato cha kwanza. Tulimweka wa mwisho, kama ilivyo kawaida kwa watoto wa mafundi.

Siku tuliyompima alisimama kakaza mabega, mikono kaikunja kifuani.

"Mama, lishoneni lipwae."

"Likipwaya utaonekana umeazima."

"Ndivyo nnavyotaka."

Tukacheka. Tukamwambia maneno ambayo kila mtu mtaani alikuwa keshamwambia: umekuwa mkubwa sasa, wacha utoto. Akanyamaza. Nasi tukarudi kwenye kazi za watu.

Baada ya siku tatu akaja bibi harusi mmoja kujaribu shela, kafuatana na somo wake. Alipojiona kwenye kioo akaanza kulia. Hakuna aliyemcheka. Somo alimkalisha, akamfuta machozi, akamuuliza taratibu, "Nini kinakutisha, mwanangu?" Akayasema yote: kuondoka kwao, mama mkwe, jiko lisilokuwa lake. Somo alisikiliza mpaka mwisho ndipo akasema neno.

Binti yetu alikuwa pembeni anachambua nyuzi. Wageni walipoondoka akatuuliza, "Kumbe mtu mzima akiogopa anaulizwa?"

Tulikosa la kujibu.

Usiku ule tulizima cherehani mapema, tukakaa naye mkekani. Tukamuuliza kama somo alivyouliza, kisha tukanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu, maana sisi wazazi tumezoea kujibu kabla mtoto hajamaliza.

Kwanza alituambia anachokifurahia: anataka kuiona maabara, na anapenda kwamba atakuwa na mwalimu tofauti kwa kila somo. Halafu yakaja mengine. Rafiki yake tangu maandalizi kachaguliwa skuli ya michipuo, yeye hakuchaguliwa. Hamuonei wivu, ila hajui wakati wa mapumziko atakaa na nani. Masomo mengi ni kwa Kiingereza, anaogopa kuchekwa akisimama kujibu. Skuli ni mbali, atapanda daladala peke yake. Darasa la sita alikuwa mkubwa, wadogo wakimuamkia. Kule anakwenda kuwa mdogo kuliko wote. La mwisho alilisema kainamisha uso: mwili umeanza kubadilika, na damu ikimjia darasani atamwambia nani? Ndiyo maana akataka gauni lipwae.

Mashoga, mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa kayabeba yote hayo, na sisi tukafikiri anadeka.

Hatukuweza kumuondolea kila kitu. Tulifanya tulichoweza. Tulipanda naye daladala mara mbili kabla ya kufungua, mara ya pili yeye ndiye aliyelipa na kusema pa kushuka. Tulimshonea mfuko mdogo wa kitambaa, ndani tukaweka pedi na nguo ya kubadilisha, tukamfundisha na hukumu za tohara na sala bila ya kumtisha. Siku ya kwanza tulikwenda naye kumjua mwalimu wa kike wa kumkimbilia. Yule rafiki yake bado wanasoma chuo kimoja cha Qur'ani, kwa hiyo alasiri wanaonana. Kuhusu Kiingereza tulimwambia ukweli: hata sisi tulifika kidato cha nne tunakiogopa. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza.

Na gauni? Tulimuachia nafasi kifuani, na pindo refu la kushusha akirefuka.

Wiki ya kwanza alilia bado. Lakini alilia akiwa kwetu, akisema sababu, si chooni kwa siri.

Bibi harusi tunamtafutia somo, tunamfanyia singo, nyumba nzima inamuuliza kama yuko sawa. Mtoto anayevuka skuli tunampa madaftari na mkoba, tukadhani tumemaliza. Naye anahama: anawaacha rafiki, anaacha mahali alipojulikana, na mara nyingi anauacha utoto wenyewe mwaka huo huo. Mtume wetu (S.A.W.) katuhimiza kuwahurumia wadogo, na huruma si chakula na nguo pekee. Muulizeni. Na wewe bibi harusi unayesoma haya, ikiwa nyumbani una mdogo wako anayeanza kidato cha kwanza, mkalishe kabla hujaondoka. Wewe unajua inavyokuwa mtu akihama.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi masikio ya kuwasikiliza. Aamin.